Uzi: Namna ya kuwatafiti wanaharakati wa mtandaoni bila kuwapotosha wala kuwaponza

#1 Mleta mada

Wanajamvi, salaam.

Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma maandiko ya utafiti ya wanafunzi wa uzamili, hasa wa mawasiliano, sosholojia na sayansi ya siasa, kuhusu uanaharakati wa mtandaoni, na mengi yanafanana kana kwamba yamenakiliwa. Mtafiti atakusanya machapisho yenye hashitegi fulani, atayahesabu, atayapitisha kwenye programu ya kupima hisia, kisha atahitimisha kwamba mitandao ya kijamii imewapa vijana sauti. Uzi huu unaeleza kwa nini utaratibu huo haufiki mbali, na nini kifanyike badala yake. Nitatumia mfano mmoja, vuguvugu la kupinga Muswada wa Fedha wa Kenya wa mwaka 2024, kwa sababu wengi wetu tulilifuatilia, lugha zake tunazielewa, na karibu kila tatizo la kimbinu linalotajwa vitabuni lilijitokeza humo.

Kwa asiyekumbuka mtiririko, muswada huo ulipendekeza, pamoja na mambo mengine, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwenye mkate na kodi ya magari ya asilimia 2.5. Maandamano yalianza Nairobi tarehe 18 Juni 2024, yakaenea katika miji mingine tarehe 20, na tarehe 25 Bunge likaupitisha muswada kwa kura 195 dhidi ya 106. Siku hiyohiyo waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge na polisi wakafyatua risasi za moto. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Hashitegi zilizotawala zilikuwa #RejectFinanceBill2024 na #OccupyParliament.

Swali la kwanza ambalo andiko lolote linapaswa kulijibu ni hili: jamii unayotaka kuitafiti iko wapi, na mipaka yake ni ipi? Wengi hulikwepa kwa kuitaja hashitegi. Hashitegi ni kama kibao cha matatu, kinakuonyesha njia lakini hakikuambii ni akina nani wamepanda, nani amelipiwa nauli na nani ameshuka kituo kilichopita. Chini ya hashitegi moja waliandika waandamanaji, waliowapinga, waandishi wa habari, wanasiasa waliosoma upepo, na wafanyabiashara waliotaka tu bidhaa zao zionekane. Waliolipwa nao hawawezi kupuuzwa. Mwaka 2021 Mozilla ilichapisha ripoti ya Odanga Madung na Brian Obilo kuhusu biashara ya upotoshaji kwenye Twitter nchini Kenya, ikieleza jinsi watu walivyolipwa dola 10 hadi 15 kushiriki kampeni za kusukuma hashitegi, baadhi zikiwalenga wanaharakati na majaji wakati wa mjadala wa BBI, mpango wa kubadili katiba ya Kenya. Ukichukua orodha ya mada zinazovuma siku fulani ukaiita sauti ya wananchi, huenda unapima bajeti ya mtu.

Upande wa pili ni wale ambao hashitegi haiwakamati kabisa. Mwanasosholojia Zeynep Tufekci, aliyefuatilia maandamano ya Gezi nchini Uturuki mwaka 2013, alionyesha kwamba baada ya siku chache watu waliacha kutumia hashitegi, si kwa kuchoka, ila kwa sababu kila mtu alikwisha kujua wanazungumzia nini. Mtafiti anayehesabu hashitegi angeona mstari ukishuka na kuandika kwamba hamasa ilipungua, ilhali viwanja vilikuwa vimejaa.

Kenya ilikuwa na funzo la aina hiyo mapema zaidi. Novemba 2014, wanawake walipoandamana Nairobi kupinga wenzao kuvuliwa nguo hadharani, dunia ilikumbuka #MyDressMyChoice, lakini maandalizi yalitoka katika kundi la Facebook la Kilimani Mums. Mtu aliyekusanya Twitter peke yake alipata mwangwi wa uamuzi uliofanyika kwingine.

Vilevile jamii ya Juni 2024 haikuzaliwa Juni 2024. Aprili 2021 Wakenya walifurika kwenye kurasa za Shirika la Fedha la Kimataifa kwa #StopLoaningKenya baada ya mkopo wa dola bilioni 2.34 kuidhinishwa. Tarehe 27 Januari 2024 maelfu waliandamana dhidi ya mauaji ya wanawake. Jina "Zakayo" ambalo Rais alibandikwa, la yule mtoza ushuru wa kwenye Injili, lilikuwa limeshazoeleka tangu mwaka uliotangulia. Andiko linaloanza kukusanya tarehe 18 Juni linaukuta mkutano katikati na kudhani umeanza alipoingia.

Kwa hiyo pendekezo langu ni kuanza na kukaa, na kuhesabu baadaye, ikiwa kuhesabu kutahitajika. Robert Kozinets aliupa utaratibu huu jina la netnografia katika miaka ya 1990, yaani ethnografia inayofanyika pale watu wanapokutana mtandaoni. Usikivu ni sehemu tu ya kazi. Unajifunza nani anajibu nani, nani akiongea wengine hunyamaza, mzaha gani unaruhusiwa, mgeni hupokewaje, na ugomvi huishaje.

Chukueni vikao vya sauti vya X, jukwaa ambalo zamani liliitwa Twitter. Mwenyeji hufungua kikao na kuteua wasaidizi wawili. Wasemaji wako juu, wasikilizaji chini, na anayetaka kusema huomba kipaza sauti na kungoja. Chapisho hubandikwa juu ya kikao, pengine ukurasa wa muswada wenye kifungu kilichozungushiwa wino, na msemaji anakisoma kwa Kiingereza, anakifafanua kwa Kiswahili, kisha Sheng inaingia pale hasira inapopanda. Alama za mia moja na viganja vya makofi zinapaa kwenye skrini bila mtu kukatiza. Mwanasiasa akipewa nafasi, unaona jinsi mwenyeji anavyompangia dakika, na jinsi wasikilizaji wanavyoanza kutoka au kuongezeka. Rais mwenyewe aliingia katika kikao cha namna hii tarehe 5 Julai 2024. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachobaki katika faili la machapisho, na kikao chenyewe kinaweza kusikilizwa tena iwapo tu mwenyeji aliwasha kurekodi. Mtafiti ambaye hakuwapo na daftari lake amekosa mahali ambapo hoja zilipikwa, amebakiwa na makala zilizokuja asubuhi.

Naomba kuwasilisha. Michango na mapingamizi yanakaribishwa.

#2 Mwanafunzi wa uzamili, Dar es Salaam

Mwalimu, shikamoo, na asante kwa uzi huu. Nina maswali mawili ambayo yananinyima usingizi. La kwanza, msimamizi wangu anadai idadi: machapisho mangapi yanatosha ili tasnifu isionekane nyepesi? La pili, nimejaribu kupata data ya X kwa njia rasmi na nimegonga mwamba. Je, nibadilishe mada?

#3 Mleta mada

Marahaba, dada. Usibadilishe mada. Badilisha jinsi ya kuifikia.

Nianze na la pili kwa sababu limewakumba wengi. Hadi mwaka 2023 Twitter ilikuwa na mlango wa data uliofunguliwa bure kwa wanataaluma. Baada ya kampuni kubadili mmiliki, mlango huo ulifungwa, na viwango vilivyobaki ni vya kulipia kwa bei ambayo vyuo vyetu vingi havimudu. CrowdTangle, zana ya Meta iliyotumika kufuatilia kurasa za Facebook na Instagram, ilizimwa tarehe 14 Agosti 2024, wiki chache tu baada ya matukio tunayoyazungumzia. Umoja wa Ulaya una kifungu cha 40 cha Sheria ya Huduma za Kidijitali kinachoyalazimisha majukwaa makubwa kuwapa watafiti data za kuchunguza hatari zake, na shabaha yake ni hatari ndani ya Umoja huo. Mtafiti wa Dodoma au Eldoret hana kifungu cha kukishika mkononi, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa upole.

Njia iliyobaki, na ambayo naiona bora hata mlango ungekuwa wazi, ni kuwaendea wenye data. Majukwaa makubwa humruhusu mtumiaji kupakua kumbukumbu zake mwenyewe, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kupata taarifa zake zilizo mikononi mwa mwingine. Mshiriki anapakua faili lake, anakaa na wewe, anaondoa asichotaka ukione, kisha anakukabidhi kilichobaki. Unapata mtu mmoja kwa kina, ukijua umri wake, kazi yake, alikuwa wapi tarehe 25 Juni na kwa nini alinyamaza tarehe 27. Faili la machapisho laki moja ya watu usiowajua haliwezi kukueleza hayo.

Aina ya mahojiano ambayo watafiti Brady Robards na Siân Lincoln waliifanyia kazi kwenye Facebook inafaa sana hapa pia: mshiriki anarudi nyuma kwenye ukurasa wake mwenyewe, mbele yako, na kueleza kila alichoandika. Kumbukumbu za watu kuhusu maandamano hubadilika upesi, hasa matokeo yakishajulikana, na chapisho la saa nne usiku lenye makosa ya herufi humrudisha mtu mahali alipokuwa.

Kuhusu idadi, mjibu msimamizi wako kwa swali la utafiti. Ukiuliza hoja ya kodi ya mkate ilihamaje kutoka kwa wachambuzi wa bajeti hadi kwa mwanafunzi wa chuo kule Kisii, unahitaji mnyororo mmoja uliofuatiliwa kikamilifu: nani alikisoma kifungu, nani alitengeneza video ya TikTok ya kukifafanua kwa Kiluo au Kikuyu au Kikalenjin, na iliingiaje katika kundi la WhatsApp la darasa. Hapo machapisho mia mbili yaliyosomwa moja moja yanatosha. Ukiuliza ni asilimia ngapi ya Wakenya waliounga mkono maandamano, machapisho milioni kumi hayatoshi, kwa kuwa walioko X si sampuli ya Wakenya.

#4 Mchangiaji, mchambuzi wa data, Mombasa

Mleta mada, nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, lakini naona umeionea hesabu. Kazi ya akina Madung uliyoitaja hapo juu isingewezekana kwa kukaa na daftari peke yake. Ili uone kwamba akaunti nyingi zinarusha maneno yaleyale ndani ya dakika zilezile, lazima uzipange kwa mashine. Uchambuzi wa mtandao wa mahusiano, yaani kuchora nani anasambaza chapisho la nani, unaonyesha jambo ambalo mshiriki wa ndani hawezi kuliona kwa sababu yumo ndani yake. Vuguvugu la 2024 lilijitangaza kuwa halina kiongozi, halina kabila, halina chama. Hayo ni madai, na mchoro wa usambazaji ni njia mojawapo ya kuyapima: kama machapisho mengi yalipitia kwa akaunti chache, basi kulikuwa na vitovu, hata kama hakuna aliyechaguliwa.

Ninachokupa bila ubishi ni upimaji wa hisia. Hapo nimeona mambo. Mashine iliyofunzwa kwa Kiingereza ikikutana na "Zakayo shuka" inaona jina la mtu na kitenzi cha kuteremka. Haioni hasira wala kicheko. Ukiipa "tutawasalimia wabunge wetu leo jioni" inaweka alama ya chanya, wakati anayeandika anamaanisha kwamba nambari za simu za wabunge zimesambazwa na ujumbe utamiminika mpaka simu zao zizime. Tuna hatua fulani iliyopigwa. Mkusanyiko wa AfriSenti wa mwaka 2023 una zaidi ya tuiti 110,000 zilizowekewa alama kwa mikono katika lugha 14 za Afrika, Kiswahili kikiwamo, na ni afadhali mara nyingi kuliko kutafsiri kwanza kwa Kiingereza. Hata hivyo Sheng ya Nairobi hugeuka haraka, na kejeli inaishinda mashine yoyote niliyoijaribu.

Ushauri wangu kwa dada wa #2: chukua sampuli ndogo, watafute watu wawili wanaoishi katika lugha hiyo waisimbe, yaani walipe kila chapisho alama ya maana yake, kila mmoja peke yake, upime wanakubaliana kiasi gani, na pale wasipokubaliana ukae nao uwaulize kwa nini. Mara nyingi kutokubaliana huko ndiko kwenye tasnifu.

#5 Mleta mada

Mkuu, pingamizi lako nalipokea, na hoja ya vitovu ni ya kweli. Naongeza tahadhari moja tu kwa anayechora. Mchoro wa usambazaji unamwonyesha anayesikika, hauonyeshi anayefanya kazi. Aliyekusanya michango ya kuwalipia waliojeruhiwa hospitalini, aliyetafuta mawakili wa kwenda vituo vya polisi usiku, aliyekuwa akihakiki majina ya waliopotea, wote hao wanaweza kuwa na wafuasi mia tatu na kuwa nukta ndogo pembeni mwa mchoro. Katika harakati nyingi kazi hiyo hufanywa na wanawake kwa wingi, na mchoro ukiachwa useme peke yake utawafuta kwa mara ya pili.

Lingine ni tarehe 25 Juni yenyewe. Alasiri ile huduma ya intaneti Kenya ilidorora, NetBlocks, wanaofuatilia hali ya intaneti duniani, wakaripoti, na kampuni za simu zikaeleza kwamba nyaya za chini ya bahari zilikuwa na hitilafu, ingawa siku moja kabla Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imetoa taarifa kwamba haina nia ya kuzima mtandao. Yeyote unayemwamini, data yako ina pengo saa ambazo watu walikuwa wakifa. Pengo hilo liandikwe katika sura ya mbinu kwa saa na tarehe, maana msomaji atakayeona mstari umeshuka hatakuwa na njia ya kujua kama ni woga, ni mtandao, au ni watu kuwa barabarani wakiwa na mikono iliyojaa.

#6 Mchangiaji, Dodoma

Nina jambo la kiutawala. Mimi ni Mtanzania nataka kuwatafiti Wakenya, na jukwaa ni la Marekani. Kibali nakitafuta wapi? Pili, kuna mtu amenitumia kiungo cha kundi la WhatsApp lenye wanaharakati. Nikiingia nikakaa kimya, nimevunja maadili?

#7 Mleta mada

Ndugu yangu, kibali kwanza. Kwa watafitiwa walioko Kenya unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya Kenya inayosimamia utafiti, pamoja na idhini ya kamati ya maadili inayotambuliwa, na ikiwa chuo chako kiko Tanzania ulizia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, mapema. Usidanganywe na hoja kwamba kilichoko mtandaoni ni cha umma hivyo hakihitaji kibali. Kamati nyingine hazina uzoefu wa mada hizi na zitakuuliza fomu ya ridhaa yenye sahihi. Waeleze kwamba sahihi ya mwanaharakati kwenye karatasi ndiyo hatari kubwa kuliko zote katika utafiti wako, na uombe ridhaa ya mdomo inayorekodiwa bila jina. Sheria ya Kenya inayalinda kwa namna ya pekee mambo kama imani, dhamiri na asili ya kikabila ya mtu, na Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Data ya uanaharakati inabeba karibu hayo yote kwa mpigo.

Kuhusu kundi la WhatsApp, ndiyo, umevunja. Kiungo ulichotumiwa hakikukaribisha utafiti. Jitambulishe kwa admini, umwombe akutambulishe kwa kundi, utaje chuo chako na unachotafuta, na uweke njia ya mtu kukuambia faragha kwamba maneno yake yasiguswe. Ruhusa ya admini haiwafungi wanachama. Na kila wimbi la wanachama wapya likiingia, rudia tangazo, kwa kuwa hawakuwapo ulipojitambulisha. Itakuchosha na baadhi watakutoa. Wakikutoa, ondoka na usichukue mazungumzo.

Chama cha Watafiti wa Intaneti, ambacho miongozo yake ya maadili ilianza mwaka 2002 na toleo la tatu likatoka 2020, hakitoi orodha ya ruhusa na marufuku. Kinakutaka uulize upya katika kila hatua: wakati wa kukusanya, wakati wa kuchambua, wakati wa kuchapisha, na baada ya hapo. Helen Nissenbaum, mwanazuoni wa faragha, ametupa kipimo ninachokipenda zaidi ya vyote, kwamba taarifa hubeba kanuni za mahali ilipotolewa. Mtu aliyeandika "niko Uhuru Park, tuko wengi" kwa marafiki zake alisema kweli hadharani, lakini hakuisema ili iwekwe kwenye jedwali pamoja na wengine elfu, ikiwa na saa na mahali.

#8 Mchangiaji, Nairobi

Nimesoma uzi wote. Mimi ni mmoja wa wale mnaowaita watafitiwa, na sitaeleza zaidi ya hapo.

Tangu Julai 2024 nimepokea ujumbe mwingi wa faragha kutoka kwa wanafunzi na watafiti, wengi wakinitumia fomu ya mtandaoni ya maswali thelathini. Wachache walijieleza ni akina nani. Mmoja alichapisha makala iliyonukuu maneno yangu neno kwa neno, jina la akaunti likiwa limefichwa, na rafiki yangu aliyabandika kwenye sehemu ya kutafutia akafika kwenye ukurasa wangu papo hapo. Hilo lilikuwa wakati ambapo vijana walikuwa wakitekwa kwa sababu ya walichoandika. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuwa imeorodhesha visa 82 vya utekaji kufikia mwishoni mwa Desemba 2024. Kwa hiyo mkisema maadili, sisi tunasikia mlango unaogongwa usiku.

Mjue pia kwamba baada ya hapo wengi walibadili majina ya akaunti, wakafuta machapisho, wakahamia makundi ya siri yenye ujumbe unaojifuta. Siku zile za mitaani baadhi walitumia programu ya simu ya Zello kuongea kama kwa redio ya upepo. Anayefuatilia akaunti zilezile tangu Juni hadi Desemba atasema watu walikata tamaa, na hatakuwa amekutana na hata mmoja wetu.

Nauliza swali moja. Mkifika, sisi tunapata nini?

#9 Mleta mada

Ndugu, asante kwa kuandika, na pole kwa yaliyokukuta. Sitakujibu kwa ahadi ya kwamba utafiti utabadilisha sera.

Kwanza kuhusu nukuu, kwa manufaa ya wote. Kuficha jina na kuacha maneno si kuficha. Annette Markham alipendekeza tangu mwaka 2012 kwamba mtafiti aunde upya mfano kutokana na vyanzo kadhaa, ukabeba maana bila kumfikisha msomaji kwa mtu yeyote, na waliomshutumu kwamba anabuni data hawajawahi kutoa njia iliyo salama zaidi. Kwetu ugumu unaongezeka, kwa sababu Sheng ya mtu ni kama alama ya kidole chake. Ukiigeuza iwe Kiswahili sanifu umemlinda na umemnyang'anya sauti kwa wakati mmoja. Ninachofanya ni kumrudia mwenye maneno na kumwonyesha aya yenyewe, ili achague: yabaki, yageuzwe, au yatoke. Asipopatikana, yanageuzwa. Kila nukuu ipitishwe kwenye sehemu ya kutafutia kabla haijaondoka mezani, na picha za skrini zisichapishwe kabisa.

Pili, kuhusu mnachopata. Mtafiti anaweza kufanya kazi ambayo vuguvugu linaihitaji sasa hivi, mathalani kupanga kumbukumbu, kuandaa ratiba ya matukio inayoweza kusimama mahakamani, au kufundisha kikundi namna ya kuhifadhi video na taarifa zake za ndani, kama vile saa na mahali iliporekodiwa. Makubaliano hayo yafanyike mwanzoni, yaandikwe, na yatekelezwe kabla ya tasnifu kukamilika, kwa kuwa baada ya hapo mtafiti hupotea. Mradi wa Documenting the Now wa Marekani, ulioanza baada ya maandamano ya Ferguson ya mwaka 2014 dhidi ya mauaji yaliyofanywa na polisi, ulisisitiza kwamba mwenye kumbukumbu ni yule aliyeitengeneza kwa kuwa barabarani.

Ni watu hao pia waliozoesha utaratibu wa kusambaza nambari za utambulisho za tuiti bila maandishi yake. Anayetaka kurudia utafiti analazimika kuyaita machapisho upya kutoka kwenye jukwaa, na aliyefuta chapisho lake haitwi. Mwanaharakati anabaki na ufunguo wa maneno yake mwenyewe. Nafuata hivyo: likifutwa kwao, linafutwa kwangu.

#10 Mchambuzi wa data, Mombasa

Hapo ndipo naomba tutofautiane, mleta mada, tena kwa uzito. Aliyefuta si kila mara mwanaharakati. Akaunti za maofisa hufuta. Akaunti za kulipwa hufutwa kwa makundi kazi ikiisha. Na video za barabarani zilizofutwa kwa woga zinaweza kuwa ushahidi pekee wa aliyeuawa. Uchunguzi wa BBC Africa Eye uliotoka Aprili 2025 ulichambua zaidi ya picha 5,000 na kuwatambua waliofyatua risasi pale Bungeni. Kama kila mhifadhi angefuata kanuni yako, picha kadhaa zisingekuwapo. Mbinu ileile inayomtambua polisi kwa kofia yake na mkao wake inamtambua mwandamanaji, hilo najua. Lakini kufuta kwa usawa kunamsaidia zaidi mwenye bunduki.

#11 Mleta mada

Mkuu, sina jibu litakalozifanya kanuni hizo mbili kuwa moja, na sidhani lipo. Ninachopendekeza ni kutenganisha kazi. Data ya utafiti, iliyokusanywa ili kueleza jamii inavyofanya kazi, ifuate matakwa ya aliyeandika, akifuta nayo ifutwe. Ushahidi wa uhalifu ni kazi nyingine, yenye ridhaa nyingine, hifadhi nyingine na watu wengine wanaoishika, na usichanganywe kwenye kompyuta moja na mahojiano ya tasnifu. Mtafiti akikutana na video ya mauaji, asiifanye sehemu ya sampuli yake. Aikabidhi kwa wanaojua kuilinda. Akaunti za taasisi na za viongozi wa umma hazina dai la faragha ninalolitambua, na hizo unaweza kuzihifadhi hata zikifutwa.

#12 Mchambuzi wa data, Mombasa

Hilo naweza kuishi nalo, kwa sharti kwamba anayekabidhi ajue utaratibu. Itifaki ya Berkeley ya mwaka 2020 kuhusu uchunguzi wa vyanzo huria vya kidijitali, iliyoandaliwa na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, inataka faili la asili libaki bila kuguswa, anwani lilikotoka na saa lilipochukuliwa viandikwe, na thamani ya heshi, yaani namba ya kipekee inayotokana na faili lenyewe, ikokotolewe papo hapo ili baadaye ithibitike kwamba halikubadilishwa. Video iliyopitia WhatsApp imeshabanwa na taarifa zake za ndani zimepotea, kwa hiyo atafutwe aliyeirekodi, si aliyeisambaza. Dada wa #2 akihitaji mfano wa jedwali la kuorodheshea, aniandikie faragha, nitamtumia likiwa tupu.